Maakuli na Ujirani: Mwongozo kwa Ahamiaye Oldeani

Ikiwa umepata barua ya uhamisho, au umeajiriwa ukarani katika shamba la kahawa, uuguzi katika zahanati, ualimu, ama upishi katika mojawapo ya hoteli zinazopokea watalii wa Ngorongoro, nawe unafunga mizigo yako Tanga, Bagamoyo, Unguja au Dar es Salaam kwa azma ya kuhamia Oldeani, basi nakunasihi jambo moja kabla ya mengine yote: katika mwezi wako wa kwanza pika kwa uchache kadiri uwezavyo, na ule kwa watu kadiri mfuko wako utakavyoruhusu. Najua nasaha hii itamshitua mtu mwenye kuhesabu mshahara wake, aliyekwisha kutia katika gunia mchele, nazi na ng'onda wa kumtosha hata msimu upinduke. Lakini mgeni anayejifungia chumbani na chakula cha kwao hushiba pasipo kujulikana, ilhali yule aketiye kila asubuhi juu ya benchi la mama lishe mmoja, kabla mwezi mwingine haujaandama, huwa amekwisha kujua nani ana chumba cha kupangisha, nani ana ng'ombe wa maziwa, nani kafiwa, na njia ipi haipitiki wakati wa masika.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka Arusha hata Karatu ni takriban kilomita 140 za lami. Unaiacha barabara kuu ya Dodoma pale Makuyuni, unapita Mto wa Mbu penye migomba na mashamba ya mpunga, kisha gari hupanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini mkono wa kushoto. Ukiweza, nunua mchele na ndizi Mto wa Mbu, kwa kuwa huko juu vyote viwili huja kwa gari na bei hupanda pamoja na kilima. Baada ya mji wa Karatu utafika Njia Panda, ambapo njia ya Mang'ola huachana na ile ya Ngorongoro, na toka hapo mlima Oldeani, wenye kimo kipitacho mita 3,000 na msitu wa mianzi mabegani mwake, utauona umekaa juu ya mashamba. Chukua koti, tena zito. Mtu wa pwani husikia habari ya baridi ya Juni na Julai akacheka, na kicheko hicho hukoma usiku wa kwanza.

Kabla sijaingia katika vyungu na masufuria, yafaa ujue unakwenda kwa watu gani, maana chakula cha mahali hakifahamiki pasipo tarehe ya wenyewe. Wamaasai walichunga katika nyanda hizi zamani. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, walienea kuja kaskazini kutoka milima ya Mbulu katika karne iliyopita, wakalima. Wajerumani, walioruhusiwa kurejea Tanganyika mwaka 1925, walifyeka miteremko ya mlima wakapanda kahawa, na vita vilipozuka mwaka 1939 wakatiwa kizuizini na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za maadui. Kahawa hiyo ilileta vibarua kutoka pande nyingi za nchi, vibarua wakaleta wachuuzi, na baada ya hifadhi ya Ngorongoro kuundwa mwaka 1959 watalii nao wakaleta madereva, wapishi na wauza vinyago. Basi katika Oldeani takriban kila mtu, yeye au babu yake, alifika na mzigo kichwani. Wewe huji kuvamia ukoo wa kale uliofunga mlango, unajiunga mwisho wa safu ndefu, na aliyekutangulia kwa miaka ishirini bado anakumbuka alivyoulizwa, "Wewe ni wa wapi?" Ukiulizwa hivyo, jibu kwa bashasha. Swali hilo huko ni mlango wa mazungumzo wala si upekuzi.

La kwanza ufikapo ni kwenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji na barua yako ya utambulisho, halafu kwa balozi wa nyumba zako kumi. Wengi hufanya hivyo kwa sababu ni lazima, wakatia muhuri wakaondoka. Wewe kaa kidogo. Muulize balozi ni mama lishe gani anayepika makande mazuri, nawe utaona uso wa kiserikali unavyogeuka ukawa uso wa jirani.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Vibanda vya mama lishe hukusanyika penye kituo cha magari, penye soko, na karibu na milango ya mashamba makubwa, na saa zake hufuata saa za kazi: alfajiri kuna chai ya maziwa, maandazi, chapati na supu; adhuhuri kuna ugali, wali, maharage, mboga za majani, dagaa au nyama; alasiri vyungu vingi vimekwisha kuoshwa. Chagua kibanda kimoja, si kwa kuwa ndicho kizuri kuliko vyote, bali kwa kuwa utaendelea kukiendea. Mgeni anayeonja leo hapa na kesho pale ataonekana mkaguzi, na wapishi hawa wana macho makali kuliko karani wa mapato. Ukiisha kuwa wa kibanda kimoja, mwite mwenyewe kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama fulani, kama wamwitavyo wateja wake, mpe shikamoo aliyekuzidi umri, hata akiwa ndiye akuletaye sahani, lipa siku hiyo hiyo katika majuma ya mwanzo, na mkopo uuache mpaka yeye mwenyewe aseme, "Utalipa kesho." Siku akisema hivyo bila ya kuombwa, jua kwamba umekwisha kukubaliwa.

Omba makande. Nalisema kwa kukazia, kwa sababu watu wa pwani tuliyazoea makande kama chakula cha shule, tukayadharau, na kule nyanda za juu yana enzi yake: mahindi yaliyokobolewa na maharage, wakati mwingine mbaazi au kunde, yaliyochemshwa kwa saa nyingi juu ya kuni hata ganda la hindi likalegea, kisha yakaungwa kwa kitunguu na maziwa. Majirani Waarusha na Wamaasai huyachanganya na maziwa ya mgando wakayaita loshoro, chakula cha baridi chenye ukali mzuri, kifaacho sana mchana wa vumbi. Asiyekipenda mara ya kwanza asikate tamaa. Ulimi uliolelewa kwa tui la nazi una haja ya muda kabla haujauelewa mgando.

Hapo ndipo mgeni huazimia kupika makande mwenyewe, na hapo ndipo hufedheheka. Muradi wa jambo ni huu: pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za joto, lakini kwenye kimo cha mita 1,500, nao mji wa Karatu upo yapata kimo hicho na Oldeani ni juu zaidi, huchemka yapata nyuzi 95 tu, na moto hata ukiuzidisha vipi joto la maji halipandi, ila yatakauka upesi. Kwa hiyo maharage yaliyoiva Tanga kwa muda wa sala mbili, hapa yatakutazama bado ni magumu kama kokoto. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, anza na maji mapya, funika sufuria kwa kifuniko kizito, na chumvi itie mwishoni. Wako watakaokushauri utie magadi, ambayo kweli hulainisha upesi; mimi siyakatazi kwa mara moja moja, lakini magadi ya kaskazini aghalabu huwa na madini ya floraidi, na maji ya sehemu kadha wa kadha za mkoa wa Arusha yana madini hayo hayo kwa wingi, ambayo ndiyo yanayoyatia meno ya watoto rangi ya hudhurungi. Kuchemsha maji hakuyaondoi. Waulize wenyeji maji yao ya kunywa huyateka wapi, kwa kuwa chemchemi na bomba la kijiji kimoja huweza kutofautiana na za kijiji jirani, na ikiwa unakuja na watoto wadogo uliza mara mbili.

Mboga za majani ni neema nyingine. Mnafu, mchicha, figiri, majani ya maboga na ya kunde huuzwa kwa fungu asubuhi mapema, na umande ungali juu yake. Mnafu ni mchungu, na ustadi wake ni kuuchemsha, kuumwaga maji, kisha kuuunga kwa maziwa au mtindi. Ukimwomba mwuzaji akufundishe, atakufundisha hapo hapo sokoni, na wanawake waliosimama kando watamsahihisha, nawe utaondoka na namna tatu za upishi na nusu ya habari za mtaa.

Ama maziwa, hayo usinunue dukani. Mtafute jirani mwenye ng'ombe, mwekeane ahadi ya lita kwa siku, nawe upeleke chombo chako mwenyewe kikiwa safi. Maziwa ya mgando ya Kimaasai hutunzwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijiti cha mzeituni wa porini kinachowaka, na ladha ya moshi utakayoikuta humo ndiyo fahari yake, hivyo usije ukadhani yameungua. Maziwa mabichi yachemshe. Hata anayekuuzia atakuambia vivyo hivyo.

Kuhusu nyama, mwenye kushika dini ya Kiislamu asiwe na wahaka kupita kiasi, wala asiwe na pupa. Kwa desturi ya nchi yetu, katika machinjio mengi mwenye kuchinja huwa ni Muislamu hata pale Waislamu walipo wachache, na nyama ya nguruwe huuzwa mahali pake chini ya jina la kitimoto. Juu ya hayo, kuuliza ni haki yako, maadamu unauliza kwa sauti ya mteja na si ya kadhi. Mbuzi wa kuchoma wa siku ya mnada ndiye bora: huchaguliwa akiwa mzima au akiwa ametundikwa, hupimwa kwa kilo, na husubiriwa kwa saa nzima kando ya moto, na saa hiyo ya kusubiri ina faida kuliko nyama yenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu huzungumza. Pombe ya kienyeji italetwa. Usiyekunywa sema hunywi, agiza soda, uendelee kukaa. Watu wa huko humstahi asiyekunywa, wasichokipenda ni yule anayeondoka akikunja uso.

Mnada huwa na tarehe zake maalumu, ambazo utaziuliza kwa dereva yeyote wa bodaboda, na siku hiyo Karatu hujaa watu waliokuja na ng'ombe, mbuzi, mitumba, vyungu, na vitunguu vya Mang'ola. Hivi vitunguu vinastahili sentensi yake: vinalimwa chini kando ya Ziwa Eyasi, katika ardhi kavu inayonyweshwa kwa chemchemi zitokazo katika nyanda hizi za juu za misitu, navyo hupelekwa mpaka Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo yumkini umekwisha kuvila miaka mingi ukiwa kwenu bila ya kujua vilikotoka. Nunua wakati wa mavuno. Nafaka na maharage hupimwa kwa sado au debe, na kabla hujapatana bei tazama sado yenyewe, isiwe imebonyezwa chini. Halafu omba nyongeza, kwani asiyeomba nyongeza humtia mwuzaji shaka kwamba bei ilikuwa ndogo mno. Kutoka bonde hilo la Eyasi huja pia asali na ubuyu, na pande hizo ndiko waishiko Wahadzabe, ambao hula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watalii hupelekwa kuwatazama. Wewe si mtalii tena, na ukikutana nao gulioni wasalimu kama umsalimuvyo mtu mwingine yeyote, na simu yako ibaki mfukoni.

Jambo moja litakustaajabisha, nalo linanistaajabisha hata leo. Utaishi katikati ya mikahawa; kuanzia yapata Julai utaona wachumaji wakijaza madebe ya tunda jekundu, na ujira wao ukihesabiwa kwa debe; utaona magunia yakipakiwa; lakini ukiingia kibandani ukaomba kahawa, utaletewa chai. Kahawa ya mlima huu hunywewa Ulaya na Marekani, na wenyeji wake hunywa majani ya chai yenye maziwa na sukari nyingi. Mtu wa pwani, aliyezoea dele la shaba, vikombe vidogo na kipande cha kashata barazani, ana nafasi ya kutoa kitu hapa. Tafuta buni safi kutoka kwa mwenye ruhusa ya kuuza, zikaange polepole katika chungu mpaka ziwe nyeusi bila ya kuungua, zitwange na tangawizi, na jioni moja ya Julai uwaite majirani wawili watatu. Wengine watakunja uso kwa uchungu wake, na mmoja atarudi kesho yake. Huyo mmoja atosha.

Kiswahili kitakutosha kwa kila haja, lakini jifunze salamu za Kiiraqw kutoka kinywani mwa mwenyeji, kwa kuwa haziandikiki vizuri. Lugha hii ni ya jamaa ya Kikushi, iliyo mbali na Kibantu chetu, na matamshi yake humwelemea mgeni. Ila aliyesoma chuoni akaitoa ayn na ha kama alivyoamrishwa na mwalimu wake atajikuta ana ufunguo, maana sauti hizo za kooni Kiiraqw nacho kinazo, hata qaf ina ndugu yake humo. Watu watafurahi ukikosea, nawe furahi pamoja nao. Mtoto wa Kimaasai akikuinamishia kichwa, hakuombi kitu: mguse utosini kwa kiganja, ndiyo salamu ya mkubwa kwa mdogo, na kumwacha ameinama ni kumnyima haki yake.

Baada ya hayo yote, yapo mambo mawili yatakayokutia katika jamii kuliko meza yoyote, na yote mawili nayo yana chakula ndani yake. La kwanza ni msiba. Habari ikifika kwamba fulani kafiwa, usingoje kualikwa. Nenda siku hiyo hiyo, toa rambirambi yako ndogo iandikwe katika daftari, na kisha usikae tu: mwanamume apasue kuni au achote maji, mwanamke ajifunge kanga aingie penye masufuria. Utakula ugali na maharage ya matanga pamoja na watu usiowajua, na kuanzia siku hiyo watakujua. La pili ni shamba. Vuli ikinyesha Novemba, na tena masika ikikaribia Machi, watu huitana kulima na kupalilia kwa zamu, na mwenye shamba huwalisha waliomsaidia. Karani asiyejua jembe atachekwa, lakini atalishwa. Ukibahatika kuhudhuria mkutano wa wazee wa Kiiraqw utasikia mwishoni slufay, dua ya kishairi anayoitamka mzee mmoja mwenye ulimi, ya kuombea mvua, afya na amani, na hadhirina wakamwitikia. Huhitaji kuelewa maneno ili uitikie pamoja nao, kama vile wengi wetu tulivyoitikia amin utotoni kabla hatujaelewa dua.

Vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya, msikiti, kamati ya shule, kila mtu atachagua kwa hulka yake, nami sina la kuongeza isipokuwa hili: jiunge na kimoja, ukihudhurie daima, kuliko vinne ambavyo daftari la mahudhurio litakushitaki.

Hatimaye itakuja zamu yako ya kukaribisha, na hapo ndipo sufuria lako lililongoja hupata kazi. Usilipe takrima kwa kuiga chakula chao, kwa kuwa makande yako hayatafikia yao, wapikie pilau. Wali huko hupendwa na kuheshimiwa kama chakula cha sikukuu, mchele wa Mto wa Mbu unafaa, na bizari nzima, mdalasini, hiliki na karafuu visafirishe kutoka kwenu, kwani vya dukani huwa vimekaa mno. Nazi hupatikana sokoni Karatu kwa bei itakayokusikitisha. Moja yatosha kwa mchuzi wa maharage, nao utawapendeza kuliko samaki wa nazi ambaye wengi hawakumzoea. Pilipili iwe kando katika kachumbari. Mwalike balozi, mama lishe wako na mwenye ng'ombe wa maziwa kwanza, kabla ya mkuu wako wa kazi. Chagua Jumapili alasiri, baada ya ibada, na uepuke majuma ya kupanda, maana wakati huo wageni wako watakuja wamechoka na kuondoka mapema. Wape maji ya moto ya kunawa, kwa sababu ya baridi, nawe ukiwa mwenyeji uyamimine mwenyewe kwa mkono wako, uanzie kwa mkubwa wao. Na ukokoni acha kiasi cha wali: watoto wa majirani watakuwa wamekwisha kusimama mlangoni kabla wazazi wao hawajaondoka.